Tozo, dhamana, faini, bima au kulipia uzoaji: kipi hasa kinaishusha setilaiti?

Setilaiti ya kilo 500, iliyo kilomita 800 juu na inayosukumwa na mafuta ya hidrazini, inahitaji kilo 46 hivi za mafuta ili ishushwe ikaungulie hewani. Inabidi ipunguziwe mwendo kwa takriban mita 208 kwa sekunde, ndipo sehemu ya chini kabisa ya obiti yake, yaani njia yake ya kuzunguka dunia, izame kwenye hewa nzito, kilomita 50 kutoka ardhini. Kilo hizo hizo 46 zinaweza pia kuiweka kazini miaka kadhaa zaidi. Kila mwezi ambao mwenyewe anaendelea kuuza picha au mawasiliano, faida ni yake peke yake. Hatari ya kugongana wanagawana wote wenye vyombo kwenye urefu ule.

Kwa hiyo tunapolinganisha njia za kiuchumi za kudhibiti taka za angani, kila moja tunaiuliza swali moja: je, inamfanya mwenye setilaiti aziache kilo 46 ndani ya tenki siku ile ile anapozitamani? Ulinganisho huu ni wa watu wanaoandika kanuni na kutoa leseni, pamoja na vyuo na kampuni zinazojiandaa kurusha chombo cha kwanza au cha pili.

Kwanza, urefu

Bila kujua urefu wa chombo kutoka ardhini, mjadala wa bei hauna maana. Chini ya kilomita 600 hewa nyembamba iliyobaki bado inavuta, na chombo kilichokufa hushuka chenyewe ndani ya miaka kadhaa. Kwenye kilomita 800 kinaweza kukaa karne. Kupita kilomita 1,000, hesabu inafika miaka elfu na zaidi. Jua nalo lina mkono wake: likichafuka, anga la juu linavimba na mvuto wa hewa unaongezeka. Februari 2022, setilaiti 38 kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimetoka kurushwa zilipotea kwa sababu hiyo, kwa kuwa zilikuwa bado chini sana, kilomita 210 hivi.

Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, linakadiria kuwa vipande vya sentimita 1 hadi 10 vinavyozunguka dunia ni zaidi ya milioni moja. Rada hufuatilia vizuri vile vya kuanzia sentimita 10 kwenda juu, na vidogo zaidi ya hapo vingi havionekani. Chukua kijitufe cha alumini cha sentimita 1, ukubwa wa gololi ya watoto. Uzito wake ni gramu 1.4. Kikigonga kwa kasi ya kilomita 10 kwa sekunde kinabeba nishati sawa na gari dogo la kilo 1,000 linalogonga ukuta likiwa kwenye kilomita 43 kwa saa, ila nguvu hiyo yote inaingia kwenye tundu la upana wa kidole.

Sehemu kubwa ya vipande hivyo ina asili inayojulikana. Januari 2007 China iliivunja setilaiti yake ya Fengyun-1C kwa kombora, ikaacha vipande zaidi ya 3,000 vinavyofuatiliwa. Februari 2009, setilaiti ya Iridium 33 iliyokuwa hai iligongana na Kosmos 2251 iliyokuwa mfu, karibu kilomita 790 juu ya Siberia, na vipande zaidi ya 2,000 vikaongezeka. Novemba 2021 Urusi iliivunja Kosmos 1408 yake yenyewe, ikaongeza zaidi ya 1,500. Mwaka 1978 Donald Kessler na Burton Cour-Palais walishaonyesha kuwa vyombo vikizidi kiasi fulani, migongano huzaa vipande, na vipande huzaa migongano, hata usiporusha kitu kingine.

Kikomo cha muda na faini

Ndiyo njia iliyozoeleka zaidi. Kamati ya mashirika ya anga, IADC, iliweka miaka 25 katika miongozo yake ya 2002: ukimaliza kazi, uwe umeshashuka ndani ya muda huo. Septemba 2022 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliipunguza hadi miaka 5, na sharti hilo linabana setilaiti zinazorushwa baada ya tarehe 29 Septemba 2024. Linawabana pia wageni wanaotaka kuuza huduma ndani ya Marekani, na hilo ndilo linaloipa nguvu.

Kwenye kikomo cha muda hakuna tatizo. Kasoro iko kwenye adhabu. Oktoba 2023 FCC ilitoza faini yake ya kwanza kabisa ya taka za angani, dola 150,000, kwa kampuni ya Dish kwa sababu ya setilaiti ya EchoStar-7 iliyorushwa 2002. Setilaiti za aina hiyo hukaa kilomita karibu 36,000 juu, kwa hiyo hazishushwi. Hupandishwa kwenye eneo la makaburi. Mpango ulikuwa ipande kilomita 300. Februari 2022 ikagundulika mafuta yaliyobaki ni machache mno, ikaishia kilomita 122.

Inafaa kueleza mafuta yanavyoweza kuisha bila mtu kujua, kwa kuwa hapa ndipo kanuni nyingi huandikwa na watu wasiowahi kuona tenki. Ndani ya tenki angani hakuna geji ya boya kama ya pikipiki, maana kimiminika hakitulii chini, kinaelea. Mafundi hutumia njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuhesabu sekunde ambazo kila injini ndogo imewaka tangu siku ya kurushwa, na kuzidisha kwa mafuta yanayotumika kwa sekunde. Ya pili ni kupima mgandamizo na joto la gesi inayosukuma mafuta, kisha kukisia ujazo uliobaki. Kosa la njia ya kwanza hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka. Ya pili hupungua ubora kadiri tenki linavyokauka, kwa kuwa gesi ikishakuwa nyingi, kutoka kwa mafuta kidogo hakubadilishi mgandamizo kiasi cha kuonekana. Yaani kipimo kinakuwa kibovu zaidi siku ile ile kinapohitajika zaidi. Tenki lililoanza na kilo 100, likiwa na kosa la asilimia 3 tu, linadai akiba ya kilo 3 juu ya zile 46. Mwenye setilaiti anayeogopa faini ndogo hatakubali kuacha akiba hiyo.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji mfuko wala benki, na nchi inaweza kuianza kesho. Udhaifu wake ni kwamba adhabu huja baada ya kosa, kwa kampuni ambayo huenda imeshafungwa.

Tozo ya kila mwaka

Wanauchumi wanaipenda hii, na sababu yao ni nzuri. Nafasi angani haina bei, kwa hiyo kila mtu anaitumia kana kwamba haiishi. Akhilesh Rao, Matthew Burgess na Daniel Kaffine walichapisha hesabu mwaka 2020: tozo ya kimataifa kwa kila setilaiti kwa kila mwaka, inayopanda hadi kufika karibu dola 235,000 ifikapo 2040, ingeinua thamani ya muda mrefu ya biashara ya setilaiti kutoka dola bilioni 600 hivi hadi takriban trilioni 3. Kampuni zenyewe ndizo zingefaidika, kwa kuwa zingepoteza vyombo vichache na kukwepa mara chache. Kukwepa si jambo dogo. Kati ya Desemba 2023 na Mei 2024 setilaiti za Starlink zilisogezwa karibu mara 50,000 kukwepa hatari.

Tozo inayofanya kazi lazima idaiwe kwa muda wote chombo kiko juu, kiwe hai au mfu. Hapo ndipo kilo 46 zinapoonekana thamani yake, kwani anayeshusha mapema anaacha kulipa mapema. Lazima pia ipimwe kwa uzito na urefu. Kuitoza setilaiti ya kilo 4 kwenye kilomita 400 sawa na ya tani 5 kwenye kilomita 800 ni kuwaadhibu wanafunzi na kuwapendelea wenye mizigo.

Lakini tunaiona dhaifu kwa sababu mbili. Ya kwanza: ni lazima nchi zote zinazorusha zikubaliane. Nchi moja ikitoza peke yake, kampuni zitasajili setilaiti kwingine, kama meli zinavyopeperusha bendera za Panama na Liberia. Watu hukimbia tozo, na hilo Afrika Mashariki tunalijua. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Tanzania Julai 2021, wengi walirudi kwenye fedha taslimu mpaka viwango vikapunguzwa.

Ya pili ni nzito zaidi. Kampuni hufa, setilaiti haifi nayo. Machi 2020 OneWeb, kampuni ya intaneti ya setilaiti, iliomba kinga ya kufilisika ikiwa na setilaiti 74 tayari angani, kwenye kilomita 1,200, urefu ambao hewa haimshushi mtu katika maisha ya vitukuu vyake. Serikali ya Uingereza na kampuni ya Bharti ya India waliinunua, na setilaiti zikabaki na mwenyewe. Mnunuzi asingepatikana, tozo ya mwaka uliofuata ingedaiwa kwa nani?

Mkondo mwingine wa wazo hili ni vibali vyenye idadi maalumu vinavyouzwa sokoni. Tunaupita haraka. Foleni ya maombi ya masafa ya redio huko ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, inaonyesha kinachotokea nafasi inapogawiwa kwa karatasi: mwaka 2021 Rwanda peke yake iliwasilisha maombi ya setilaiti zaidi ya 320,000. Kuomba kukiwa rahisi, watu hushika nafasi kwanza na kufikiri baadaye.

Dhamana: hela ya chupa

Aliyewahi kununua soda ya chupa ya kioo dukani anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Unalipa soda na hela ya chupa. Ukirudisha chupa unarudishiwa chako. Muuza duka hana haja ya kukufuata nyumbani wala kukushtaki, kwa kuwa pesa anayo tayari.

Dhamana ya setilaiti ni hivyo hivyo. Kabla leseni haijatoka, mwombaji anaweka fedha au hati ya benki. Setilaiti ikishuka, anachukua chake na faida yake. Isiposhuka, fedha zinaingia kwenye mfuko wa kuzoa taka. Mwaka 2020 FCC ilipendekeza dhamana ya aina hii, lakini haikuipitisha. Jambo la kushangaza ni kwamba tangu zamani walikuwa wakidai dhamana nyingine, inayofika dola milioni 3 kwa setilaiti ya kilomita 36,000 juu na milioni 5 kwa kundi la obiti za chini, ili mwenye leseni asikalie masafa bila kujenga. Basi wameshathibitisha kwamba benki na kampuni zinaimudu. Dhamana ya kupandisha ipo, ya kushusha haipo.

Kuthibitisha kwamba chupa imerudi ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Orodha ya vitu vya angani inayotolewa na jeshi la Marekani kupitia Space-Track inapatikana bure kwa anayejisajili. Ndani yake kuna idadi ya mizunguko kwa siku. Setilaiti ya kilomita 800 inazunguka mara 14.3, ya kilomita 400 mara 15.6, na ikifika kilomita 300 inakaribia 15.9. Ofisa mmoja mwenye kompyuta anaona kama namba inapanda au imesimama. Kwa obiti isiyo duara kamili atazame pia umbali wa sehemu ya chini, asidanganywe na wastani.

Mambo yanayoharibu dhamana tunayajua, na karibu yote yanazibika siku ya kuandika kanuni:

Hati ya benki inayoisha kila mwaka. Kampuni ikianza kuyumba, hati haihuishwi, na mamlaka inabaki na karatasi. Dai hati inayojihuisha yenyewe, na benki iwajibike kutoa taarifa siku 90 kabla ya kujitoa. Ikijitoa bila mbadala, fedha zinalipwa papo hapo.

Tarehe ya mwisho wa kazi inayosogezwa. Saa ya miaka 5 huanza kuhesabu kazi inapoisha, kwa hiyo mjanja hasemi kamwe kwamba imeisha. Dawa ni kuandika tarehe ndani ya leseni kulingana na umri wa usanifu, na kila nyongeza ya mwaka iongeze dhamana.

Setilaiti kuuzwa. Dhamana ifuate chombo, na uhamisho wa umiliki usikubaliwe mpaka mnunuzi aweke yake.

Kurudisha fedha zote mapema mno. Chombo kinaweza kushushwa kilomita 200 kisha kikafa na mafuta na betri bado zimejaa, na huo ni mlipuko unaosubiri siku yake. Sehemu ya fedha irudi obiti ikishashuka, na iliyobaki irudi matenki yakishamwagwa, betri zikishatenganishwa na chombo kikishaingia hewani.

Lipo lalamiko la haki: je, aliyefanya kila kitu sawasawa, setilaiti ikafa kwa mkupuo wa mionzi? Naye anapoteza. Ni chungu, lakini ndiyo maana atanunua injini ya akiba au tanga la kuvutia hewa kabla ya kurusha, na ndiyo maana atashusha mapema kidogo wakati vyote vinatii. IADC inataka mafanikio ya angalau asilimia 90 katika kushusha. Hata wakifikia hapo, mmoja kati ya kumi anabaki juu, na pesa ya kumzoa lazima itoke mahali.

Bima

Uingereza na Ufaransa hutumia kiwango cha euro milioni 60 kwa madhara kwa watu wengine. Ni jambo jema kwa ajali ya roketi siku ya kurusha. Kwa taka zilizoko angani haifui dafu, na sababu ni ya kisheria. Chini ya Mkataba wa Dhima wa 1972, madhara ya ardhini hulipwa bila kuhitaji kuthibitisha uzembe, lakini madhara angani yanahitaji kosa lithibitishwe. Setilaiti yako ikitobolewa na kipande cha sentimita 1 kisichoonekana na rada, utamshtaki nani? Kampuni ya bima isiyotarajia kulipa haina sababu ya kumkagua mteja kilo zake 46. Isitoshe, wengi hawanunui kabisa: setilaiti ya Intelsat 33e ilipovunjika Oktoba 2024 haikuwa na bima.

Ardhini mambo ni tofauti. Kosmos 954 ya Wasovieti, iliyobeba kinu cha nyuklia, ilianguka Kanada Januari 1978. Kanada ilidai dola zake milioni 6 na mwaka 1981 ikakubali milioni 3. Pete ya chuma iliyoanguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, yenye kilo karibu 500 na upana wa mita 2.5, ingeangukia nyumba, Kenya ingeweza kudai chini ya kifungu hicho hicho. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kudai kunahitaji kumjua mrushaji, kwa hiyo kinachosaidia nchi kama zetu kuliko bima ni kuzuia eneo haraka, kupiga picha namba zote za kiwandani na kuhifadhi chuma chenyewe kisiishie kwa wauza chuma chakavu.

Kulipia uzoaji

Njia nne za juu zinashughulika na vitu vipya. Za zamani haziguswi, na hizo ndizo nzito. Karibu kilomita 840 zinaelea sehemu za juu za roketi za Zenit, kila moja karibu tani 9, zilizoachwa na Wasovieti na Urusi. Envisat ya Ulaya, tani 8.2, ilikata mawasiliano Aprili 2012 na bado iko karibu kilomita 770. Viwili kati ya hivi vikigongana, tukio la 2009 litaonekana dogo.

Uzoaji unawezekana. Februari 2024 kampuni ya Astroscale ya Japani ilirusha ADRAS-J, ikaisogelea sehemu ya roketi ya H-IIA ya mwaka 2009, yenye urefu wa mita 11 na uzito wa tani 3, mpaka umbali wa mita 15. Ilifanya hivyo bila msaada wowote wa kitu chenyewe: hakina taa, hakina redio, hakina mahali pa kushikwa. Kusogelea ni nusu ya kazi. Kinachofuata ni kushika kitu kinachobiringika, ambacho rangi yake imebanduka na mabaki ya mafuta yanaweza kuwa bado yamo. Ukikigusa vibaya kinaanza kubiringika upya, na mkono wako unabiringika nacho.

Bei ndiyo inayotisha. Mwaka 2020 ESA ilisaini mkataba wa euro milioni 86 na ClearSpace ya Uswisi kushusha kipande kimoja cha kilo 112, kiitwacho Vespa. Hiyo ni karibu euro 768,000 kwa kilo. Ni safari ya kwanza, na bei itashuka wakizoea. Lakini Agosti 2023, kabla mzoaji hajarushwa, vipande vipya vilionekana karibu na Vespa. Kitu kilikuwa kimeigonga. Shabaha ikabadilishwa, ikawa setilaiti ya PROBA-1.

Kikwazo kingine ni umiliki. Baharini, anayeokoa meli iliyotelekezwa ana haki ya kulipwa ujira wa uokoaji. Angani, Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema kitu kinabaki mali ya mwenyewe daima, hata kikiwa chuma tupu. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa Zenit bila ridhaa ya Moscow. Ndiyo maana Japani ilianza na roketi yake na Ulaya na vyombo vyake.

Setilaiti moja, njia tano

Turudi kwenye setilaiti yetu. Tuseme, kwa mfano, inaingiza dola 200,000 kwa mwezi, gharama za kuiendesha ni 150,000, na inatumia kilo 1 ya mafuta kwa mwezi kujirekebisha na kukwepa. Kilo 46 basi ni miezi 46 ya kazi: dola milioni 9.2 za mapato, milioni 2.3 za faida. Hicho ndicho kishawishi ambacho kila njia inatakiwa kukishinda.

Faini ya ukubwa wa ile ya 2023, dola 150,000, ni mapato ya siku 22 au 23. Haishindi kitu.

Tozo ya dola 235,000 kwa mwaka inakula karibu dola 19,600 kila mwezi, yaani asilimia 39 ya faida. Inauma, na inamfanya atafakari. Lakini miezi 46 ikiisha mafuta yameisha pia, tozo inaendelea kwa karne nzima, na kampuni yenye setilaiti moja inaona nafuu kufunga ofisi.

Dhamana ya dola milioni 3 inazidi faida ya milioni 2.3, na imeshatoka mkononi mwake. Kama benki inatoza asilimia 2 kwa mwaka kwa hati yake, gharama ya kila mwaka ni dola 60,000, chini ya faida ya miezi miwili. Setilaiti isiposhuka, benki inalipa na inamgeukia yeye na mali alizoweka rehani. Mahesabu yake yote yanaelekea upande mmoja: shusha.

Bima haibadilishi lolote kuhusu kilo 46, isipokuwa mkataba wake umezitaja kwa jina.

Uzoaji, hata ukishuka bei mara kumi, bado ungegharimu mamilioni. Kilo 46 za mafuta, kwa bei za safari za kuchangia roketi za miaka ya karibuni, karibu dola 6,000 kwa kilo, ziligharimu takriban dola 276,000 kuzipandisha. Uwiano huo ndio unaotufanya tuweke dhamana juu ya njia nyingine zote kwa vitu vipya.

Uchague ipi

Kama unatoa leseni kwa vyuo na setilaiti ndogo: tazama urefu kwanza. 1KUNS-PF ya Kenya ilitolewa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Mei 2018, kwenye kilomita 400 hivi, na mwaka 2020 ikawa imeshaungua. PearlAfricaSat-1 ya Uganda nayo ilitolewa hapo hapo Desemba 2022. Kwa vyombo vya namna hii dhamana ni usumbufu bure. Weka kikomo cha urefu badala yake: asiye na injini asipande mahali ambapo hewa haitamshusha ndani ya miaka 5, na ahesabu kwa kutumia jua tulivu, si jua kali. Wengi hukosea hapo: wanapiga hesabu mwaka ambao jua limechafuka, anga limevimba, na jibu linatoka zuri kuliko ukweli.

Kama unatoa leseni kwa chombo kizito zaidi au kinachopita kilomita 600: dhamana, pamoja na kikomo cha miaka 5. Usianze na tozo peke yako.

Kama nchi yako hairushi chochote lakini inanunua huduma: una nguvu kuliko unavyofikiri. Starlink ilianza kuuza Rwanda na Kenya mwaka 2023, na hakuna kampuni inayouza bila kibali cha mamlaka ya mawasiliano ya nchi. Dai uthibitisho wa dhamana au mpango wa kushusha kama sharti la kuingia sokoni, kama Marekani inavyofanya. Nchi moja itaambiwa isubiri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikidai kwa sauti moja itasikilizwa.

Kama wewe ni serikali yenye roketi za zamani juu: kwako hakuna tozo wala dhamana itakayosaidia, kwa kuwa mwenye deni ni wewe. Tenga fedha za uzoaji, anza na vilivyo vizito kwenye kilomita 770 hadi 1,000, na lipa kwa kitu kilichoshuka. Ukilipa kwa ripoti, utapata ripoti.

Na kama ndiwe mwenye setilaiti, ukisubiri sheria: mwagize fundi wako aandike leo kilo za kushusha, aongeze kosa la kipimo, na afunge namba hiyo kwenye programu ya uendeshaji kiasi kwamba watu wa mauzo hawawezi kuifungua bila saini ya mkurugenzi. Kila baada ya miezi mitatu linganisha njia mbili za kupima tenki. Zikipishana kwa zaidi ya kilo 3, amini ile ndogo.